Kusoma Upepo kwa Mabaki Yake: Shajara ya Safari ya Tambarare za Moshi

Jumatatu

Nimeondoka Arusha alfajiri kwa basi dogo la Moshi, nikiwa na futi ndefu ya kupimia, dira, daftari na kofia ngumu ya kazini. Jumamosi alasiri upepo mkali uliezua nyumba katika vijiji viwili vya tambarare, upande wa chini wa mji wa Moshi, na kamati ya wananchi imeomba mhandisi wa majengo afike kujibu maswali mawili: nyumba zipi zinafaa kulaliwa tena, na upepo ule ulikuwa na nguvu kiasi gani. Swali la kwanza ni la kazi yangu ya kila siku. La pili ndilo lililoniharakisha, kwa sababu jibu lake lisipotafutwa mapema hufagiliwa pamoja na mabaki.

Kuanzia Usa River hadi njia panda ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kutoka hapo kupitia Boma Ng'ombe hadi Weruweru, sikuona hata tawi lililoanguka kando ya barabara. Nimeliandika jambo hilo kuwa ushahidi wa kwanza. Upepo mpana wa msimu hugusa wilaya nzima kwa pamoja. Huu ulichagua mahali pachache na kupaacha pengine pote, na tabia hiyo ni ya wingu moja la mvua ya radi na yale yanayotoka chini yake.

Ndani ya basi abiria walikuwa wakionyeshana video kwenye simu, na kijana aliyekaa karibu nami alisema kwa uhakika kwamba ile ilikuwa tonado ya daraja la tano, kama zile za Marekani. Nilipomuuliza amejuaje, alinijibu, "Mama, si unaona mabati yalivyojikunja?" Sikutaka kumkatiza mbele ya watu, lakini neno lake limekaa nami siku nzima, maana hivyo ndivyo wengi wetu tunavyopima upepo: tunaangalia ukubwa wa hasara na kuupa upepo ukubwa uleule.

Daraja alizozitaja zilitokana na kazi ya Tetsuya Fujita, mwanasayansi mzaliwa wa Japani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye alitangaza kipimo chake mwaka 1971. Ni nadra mno tonado kupita juu ya kipima upepo, na ikipita, mara nyingi kifaa chenyewe huharibika. Kwa hiyo Fujita alichagua kufika baada ya tukio na kusoma kasi katika vitu vilivyovunjika. Tangu Februari 2007 Marekani inatumia kipimo hicho kikiwa kimeboreshwa, na daraja zake huandikwa EF0 hadi EF5. EF0 huanzia kilomita 105 kwa saa, EF1 huanzia 138, EF2 178, EF3 218, EF4 267, na EF5 ni zaidi ya 322. Namba zote hizo ni makadirio ya dharuba inayodumu sekunde 3. Kipimo kina viashiria 28, zikiwamo nyumba za familia, shule, maghala, nguzo za umeme na miti, na kila kiashiria kina ngazi zake za uharibifu. Kila ngazi imepewa kasi inayotarajiwa, pamoja na mpaka wa chini na wa juu, na mkaguzi anatakiwa aulize kama kitu kilichovunjika kilikuwa imara kuliko kawaida au dhaifu kuliko kawaida, ndipo aamue asimame wapi kati ya mipaka hiyo. Swali hilo la mwisho ndilo watu wengi hulisahau.

Nimelala Moshi mjini. Jioni kulikuwa na joto la mwanzo wa masika, na mlima ulikuwa umefunikwa.

Jumanne

Nimefika kijijini mapema pamoja na fundi aliyepaua nyumba nyingi za huku, mtu wa makamo anayejua kila kenchi aliipiga mwaka gani. Mwenyekiti wa kitongoji alitupokea ofisini, tukasaini kitabu cha wageni, kisha akatutembeza. Watu walikuwa tayari wanaokota mabati na kuyanyoosha kwa nyundo ili wapate pa kujihifadhi na watoto. Nilimwomba mwenyekiti viwanja vichache visiguswe mpaka nivipige picha, lakini sikumwomba mtu yeyote aache kuezeka kibanda cha kulala. Ushahidi wa upepo hauna thamani inayozidi usiku mmoja wa mtoto kwenye mvua.

Nyumba ya kwanza ni ya bibi mmoja anayeishi na wajukuu. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu kwenye uwanja, nyumba ndiyo hiyo hakuna." Alisimulia kwamba mchana ule joto lilikuwa la kuchosha, kisha wingu likasimama upande wa mashariki, jeusi chini na jeupe juu. Mvua ya mawe ilipiga mabati kwa muda mfupi. Mlango wa barazani ulifunguka kwa kishindo, na papo hapo paa likanyanyuka lote kwa pamoja. Bibi na wajukuu walikuwa wamejikunja chini ya kitanda cha mbao, na hakuna aliyeumia zaidi ya mikwaruzo.

Simulizi yake ina mpangilio unaokubaliana na ninavyojua, na kila hatua ina maana. Upepo unapopita juu ya paa huvuta mabati kwenda juu, hasa pembeni na kwenye kofia. Mlango ukifunguka upande unakotokea upepo, hewa huingia na kusukuma paa kutoka ndani, hivyo nguvu mbili huungana. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne: kwa kilomita 72 kwa saa ni kama uzito wa kilo 25 juu ya kila mita ya mraba, na kwa kilomita 144 ni kama kilo 100. Bati la geji 30 lenyewe halifiki kilo 4 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo paa haliwezi kukaa mahali pake kwa uzito wake. Linakaa kwa kile kilicholishikilia tu.

Tulilikuta paa hilo ng'ambo ya mfereji, limelala kifudifudi kwenye majaruba ya mpunga, papi na mabati yakiwa bado yameshikana vizuri. Kazi ya juu ilikuwa nzuri. Tuliporudi ukutani, fundi alipanda ngazi akanionyesha ubao wa juu ya ukuta. Kila mahali palipokuwa na kenchi palikuwa na matundu mawili ya misumari ya inchi nne, safi, hayakupasua mbao. Misumari yenyewe tuliikuta chini ya kenchi ikiwa imenyooka kama ilivyotoka dukani, na mmoja ulikuwa bado una rangi yake ya kung'aa kuanzia katikati hadi nchani. Msumari uliolazimishwa kwenda upande hupinda. Uliovutwa wima hutoka ulivyoingia. Hapakuwa na waya, hapakuwa na nondo iliyotoka ukutani, na ubao wenyewe ulikuwa umewekwa juu ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa tope. Fundi alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Hii sikuijenga mimi, lakini nami nimepiga nyingi za namna hii, kwa sababu mwenye nyumba pesa ikimwishia hununua bati kwanza."

Nimekaa na jedwali la kasi la kipimo cha EF jioni hii. Kwa nyumba ya familia ya Marekani, kung'oka kwa sehemu kubwa za paa huku kuta nyingi zikibaki kunakadiriwa kuhitaji takriban kilomita 196 kwa saa, na mpaka wa chini ni kama 167. Nikinakili namba ya kati bila kufikiri, nyumba ya bibi itanipa EF2. Lakini jedwali hilo lina maana ya nyumba ambayo kenchi zake zimefungwa kwa namna inayotakiwa na sheria za ujenzi za kule. Paa lililoshikiliwa na misumari miwili kila kenchi, mlango ukiwa wazi, huondoka mapema zaidi, na hata dharuba ya kilomita 110 au 120 inaweza kulitosha. Nyumba hii inaniambia upepo haukuwa mdogo. Hainiambii ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Hata ukuta wa pembetatu ulioanguka upande wa kusini hauongezi daraja. Ukuta wa tofali na tope, ukishaondokewa na paa lililokuwa likiuegemeza, huangushwa na upepo ambao usingeugusa nusu dakika kabla.

Jumatano

Siku nzima nimeitoa kwa miti, kwa sababu miti haikujengwa na fundi wala haikuishiwa pesa katikati ya kazi. Hata hivyo, nayo ina udhaifu wake, na kila mmoja unapaswa kuulizwa peke yake.

Migomba nimeipita bila kuiandika. Imelala mashamba mazima, na kwa wenye nayo ni chakula na ada za shule zilizolala chini, lakini mgomba wenye mkungu huangushwa na upepo wa kawaida tu, wala haumo katika jedwali. Mpunga na mahindi vilevile. Nimesimama kwenye miembe, mijohoro, miarobaini na safu ya mikaratusi kandokando ya mfereji. Kila mti ulioanguka nimeuchorea mshale daftarini, kuanzia shina kuelekea kileleni, nikipima uelekeo kwa dira na umbali kwa hatua.

Kufikia saa sita mchana mishale ilikuwa imeanza kusema. Upande wa kusini wa mfereji miti yote ilielekea kusini. Upande wa mashariki ilielekea mashariki, na wa magharibi ilielekea magharibi, huku katikati, karibu na mashine ya kukoboa mpunga, pakiwa na miti iliyosimama wima na matawi yake yamevunjwa tu. Ni umbo la maji yaliyomwagwa kwa ndoo juu ya sakafu. Hewa iliyopozwa na mvua na mawe ndani ya wingu huwa nzito, ikaporomoka kwa kasi, ikagonga ardhi na kutawanyika pande zote. Upepo wa mporomoko wa namna hii hauna mzunguko, lakini unaweza kuezua kijiji.

Umbo hilo lina historia inayonigusa kila ninapolikumbuka. Mwaka 1945 Fujita alikuwa mwalimu kijana katika chuo kimoja kisiwani Kyushu, na baada ya mabomu ya atomu alipelekwa Nagasaki na Hiroshima kuchunguza uharibifu. Chini kabisa ya mahali bomu lilipolipuka angani alikuta miti iliyoungua ikiwa imesimama, na kuizunguka, miti iliyoangukia nje kwa umbo la nyota. Mwaka 1974, baada ya mlipuko mkubwa wa tonado 148 zilizopita Marekani ndani ya saa 24 hivi mwezi Aprili, alikagua mabaki kutoka kwenye ndege, na katika msitu wa West Virginia akaiona tena nyota ileile. Hapakuwa na bomu hapo, wala mzunguko wa tonado. Mwaka uliofuata, Juni 24, 1975, ndege ya abiria ilianguka ikijaribu kutua New York wakati wa mvua ya radi, na zaidi ya watu 100 wakafa. Fujita akaeleza kwamba iliangushwa na hewa inayoporomoka. Wataalamu wengi walimpinga kwa miaka kadhaa. Leo marubani wanafundishwa hatari hiyo, na viwanja vingi vikubwa vina vyombo vya kuitambua. Yote yalianzia kwa mtu aliyejali kuandika mti umelala kuelekea wapi.

Kuhusu nguvu: mwembe mkubwa ulio nyuma ya zahanati umeng'oka na mizizi. Jedwali linakadiria kwamba mti wa majani mapana hung'oka kwa kilomita 146 kwa saa, na mpaka wa chini ni kama 122. Niliingia kwenye shimo lake. Udongo ulikuwa tope laini mpaka kina cha goti, kwa sababu mfereji unapita hatua chache kutoka hapo, na mizizi ilikuwa imetandaa juujuu kama inavyofanya penye maji ya karibu. Nimeuweka chini ya mpaka wa chini. Mkaratusi mmoja uliokatika katikati ya shina ulinipa matumaini ya ushahidi bora, lakini nilipomulika tochi ndani ya kisiki nilikuta mchwa wameacha ganda tu. Huo nimeufuta.

Jumla ya siku: upepo wa mporomoko, kati ya kilomita 100 na 130 kwa saa sehemu nyingi. Hata hivyo, vijana wawili na mama muuza mboga, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia kwamba upande wa shule waliona vumbi likizunguka na kupanda juu na mabati yakizunguka ndani yake. Watu waliosimama mahali tofauti na hawajaonana hawazui jambo moja.

Alhamisi

Nimekwenda upande wa shule, kijiji cha pili. Huko mishale imebadilika.

Kuna ukanda mwembamba, upana wake haufiki hatua sitini, unaokata shamba la mahindi, ukapita ukingo wa uwanja wa mpira na kuishia kwenye majaruba. Nje ya ukanda, miti michache iliyoanguka inaelekea upande mmoja. Ndani yake, miti ya kushoto imeangukia kulia na ya kulia imeangukia kushoto, na mahali pamoja mijohoro miwili imelala ikiwa imepishana, mmoja juu ya mwingine. Upepo unaotawanyika hauwezi kufanya hivyo. Hapa hewa ilikuwa ikivutwa kuelekea katikati na kupanda. Ukingo wa hewa baridi inayotawanyika unapojisukuma chini ya hewa ya joto, mizunguko midogo huweza kuzaliwa, na wingu lililo juu likiwa bado linavuta hewa, mzunguko mmoja hurefuka na kukaza. Watu wa shuleni waliona kisulisuli cha kweli, na watu wa mfereji waliona upepo wa kusukuma, na wote wamesema kweli.

Ndani ya ukanda huo ndimo nilimopata ushahidi mzito wa safari hii. Mjohoro mzima, usio na mchwa wala uozo, umekatika shina kwa urefu unaonifikia kifuani, nyuzi zake zikiwa ndefu na nyeupe. Niliupasua kidogo kwa kisu kuhakikisha. Mbao ilikuwa ngumu na harufu yake mbichi. Kwa mti mzima kukatika shina, jedwali linatarajia kilomita 177 kwa saa na mpaka wa chini takriban 150. Kuna mwingine wa namna hiyo hatua ishirini mbele. Hakuna mti hata mmoja uliochunwa gome, jambo ambalo hutarajiwa kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200.

Kisha majengo. Shule ina vyumba viwili vya madarasa vinavyopakana, kimoja cha zamani na kimoja kipya, na ukanda umepita ubavuni mwa vyote viwili kwa umbali unaokaribiana. Cha zamani hakina paa. Kipya kimepoteza mabati manne ya pembeni na ubao wa ukingoni, basi. Tulipanda vyote viwili. Katika kile cha zamani kenchi zilikaa juu ya tofali za mwisho, zimefungwa kwa waya mwembamba ulioshika kutu mpaka unavunjika kwa vidole. Katika kipya, nondo zilizoachwa zimechomoza kutoka kwenye lenta zimekunjwa juu ya kila kenchi na kupigiliwa. Nilikaa juu ya ukuta huo muda mrefu kuliko nilivyohitaji kupima. Jengo lililoanguka linatuambia upepo haukuwa chini ya kiasi fulani. Lililosimama pembeni yake linatuambia haukuzidi kiasi fulani. Bila ya hilo la pili, makadirio yangu yote yangekuwa na sakafu bila dari.

Tangi la maji la plastiki la shule limekutwa mbali katika mahindi, na walimu walilitaja kama uthibitisho wa nguvu za kutisha. Mwalimu mkuu alipokagua kumbukumbu zake, tangi lilikuwa tupu tangu Ijumaa. Tangi tupu ni jepesi na lina kifua kipana cha kupokea upepo. Bati lililozunguka nguzo ya umeme nalo ni vivyo hivyo: karatasi nyembamba ya chuma, pana na nyepesi, hujikunja hata kwa upepo wa daraja la chini. Hilo ndilo jibu ambalo sikumpa kijana wa kwenye basi.

Anayetaka kujua daraja la tano linafananaje, na aangalie Joplin, jimbo la Missouri, Mei 22, 2011, ambako watu zaidi ya 150 walikufa. Wakaguzi hawakuridhika na nyumba zilizotoweka, kwa sababu nyumba nyingi za mbao zilikuwa zimefungwa vibaya kwenye misingi. Walitazama vizuizi vya zege vya maegesho ya magari vilivyokuwa vimechomekwa ardhini kwa nondo na vikang'olewa. Walitafuta kitu ambacho udhaifu wa ujenzi haukuweza kukieleza. Na kinyume chake pia kimetokea: tonado ya El Reno, Oklahoma, ya Mei 31, 2013, ilikuwa na upana wa kilomita 4.2, na rada ilipima ndani yake upepo wa zaidi ya kilomita 460 kwa saa, lakini ilipewa EF3, kwa sababu ilipita sehemu kubwa ya njia yake kwenye mashamba ya wazi ambako hapakuwa na kitu imara cha kuvunja. Kwa hiyo, kisulisuli chetu kilipoingia majarubani, kiliacha kuandika. Mpunga ulilala, nao ungelala kwa upepo wowote. Inawezekana kilikuwa na nguvu zaidi huko, na ripoti yangu itasema wazi kwamba daraja ni la mahali palipo na ushahidi.

Ijumaa

Mvua imenyesha tangu alfajiri na kazi ya nje haikuwezekana. Nimekaa barazani kwa mwenyekiti nikisafisha mchoro wa mishale. Mzee mmoja aliyekuja kununua sukari dukani kwake aliutazama mchoro, akauliza kama hayo mambo ya tonado si ya Wazungu. Nilimweleza kwamba Desemba 15, 1998, tonado ilipita mjini Mthatha, Afrika Kusini, na kuua watu, na Rais Nelson Mandela mwenyewe alikuwa ndani ya duka la dawa mjini humo ilipopita. Walinzi wake walimkinga kwa miili yao. Mzee alitikisa kichwa, akasema upepo kama huu aliuona akiwa kijana, ukabeba ghala la mahindi. Alikumbuka upande ulikotoka.

Jumamosi

Mkutano umefanyika chini ya mkuyu nje ya ofisi ya kijiji, mtendaji akiandika. Nimesoma matokeo yangu: sehemu kubwa, upepo wa mporomoko wenye nguvu inayolingana na EF0 au chini yake kidogo, ukanda wa shule, kisulisuli cha EF1, makadirio ya kilomita 140 hadi 160 kwa saa. Kulikuwa na minong'ono. Mjumbe mmoja alisimama akasema kwa heshima, "Injinia, hapo umetupunguzia. Barua ikienda wilayani na daraja dogo, msaada nao utakuwa mdogo. Andika hata la nne." Wengi waliitikia, na siwalaumu, mwamba ngoma huvutia kwake, na hawa wamelala juma zima chini ya maturubai.

Nimewajibu kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo penye uzito wa safari yangu. Msaada unaombwa kwa idadi ya kaya zisizo na paa, magunia yaliyolowa na vyumba vya madarasa visivyotumika, na hesabu hiyo tumeiandika yote bila kupunguza hata sufuria. Daraja la upepo lina kazi nyingine. Likiandikwa EF4, maana yake ni kwamba hakuna nyumba ya kijijini ambayo ingeweza kusimama, na kwamba kujenga kwa misumari miwili au kwa nondo ni mamoja. Hilo si kweli, na chumba kipya cha shule kinalikanusha mbele ya macho yetu. Likiandikwa EF1, maana yake ni kwamba paa la bibi lingeweza kubaki kwa gharama ya waya na nondo chache, na kwamba tuna deni la kumfungia safari hii. Mjumbe aliuliza gharama hiyo ni kiasi gani kwa nyumba moja. Fundi ndiye aliyemjibu, akihesabu kenchi moja baada ya nyingine kwa vidole: vipande vya nondo viwili kila kenchi, waya wa kufungia nondo, lenta nyepesi ya zege juu ya ukuta. Lenta ndiyo ghali. Vingine, alisema, havifiki bei ya bati tatu.

Mjadala ulihamia kwenye lenta na haukurudi tena kwenye daraja. Wakubwa wa kanisa wamekubali kuchangia saruji, vijana watasomba mchanga, na kamati imeamua kwamba hakuna paa litakalorudishwa juu ya ukuta wa tope kabla fundi hajaukagua. Mtendaji ameongeza safu mbili katika fomu yake ya nyumba zilizoezuliwa: moja ya kilichovunjika, na nyingine ya kilichokuwa kimeshikilia paa. Nimemwachia nakala ya mchoro wa mishale na jedwali la kasi nililolitafsiri kwa mkono.

Nyumba tisa nimeziandika kuwa zisilaliwe mpaka kuta zake zibomolewe na kujengwa upya, ikiwamo ya bibi, ambaye ukuta wake wa mbele una ufa unaopitisha vidole vitatu. Chumba cha zamani cha shule kitabaki kimefungwa hadi mhandisi wa halmashauri afike kukithibitisha. Fundi anaanza Jumatatu kwa bibi: ukuta wa mbele chini kwanza, kisha lenta, kisha nondo, na paa lile lililoko majarubani litabebwa na vijana na kurudishwa, maana mabati yake bado ni mazima.